Mkenya wa Mbio Ndefu

Siku Kang'ethe alipohojiwa kwa ajili ya kazi, Februari 2015, jopo lilikuwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyefungua vyeti vyake hadi ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ndio uliosema kwamba alisomea kufundisha kurusha: tufe, kisahani, nyundo. Ukurasa wa kwanza ulisema anatoka Kenya, na hilo likatosha. Chuo, ambacho hatutakitaja kwa sababu bado kinaajiri, kilikuwa kinamtafuta kocha msaidizi wa mbio ndefu. Kocha mkuu, Bwana Venter, mzee mwenye shingo iliyobabuliwa na jua na imani ya kitoto juu ya ramani ya dunia, alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hatimaye," akasema, "tumepata Mkenya."

Kang'ethe alizaliwa Murang'a, akakua mpana kama mlango wa ghala. Mara ya mwisho kukimbia kwa moyo wote alikuwa anafukuzwa na nyuki. Alifungua mdomo asahihishe mambo. Kisha akakumbuka kwamba viza yake ya masomo ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa, akaufunga. Kosa lenyewe ni hilo tu. Yaliyofuata yalikuwa ni kulitunza.

Kibali cha kazi kilipotoka kiliandikwa bila kificho: kocha msaidizi, mbio ndefu. Mwende, mkewe, alikisoma mara mbili chumbani kwao, mtaa wa Berea, Johannesburg, ghorofa ya saba, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hawajahamia.

"Kumbe nimeolewa na mkimbiaji," akasema. "Na ngazi zinakushinda."

"Nitasoma vitabu."

"Soma basi, tena haraka. Na wakikwambia ukimbie nao, goti linauma."

Goti likaanza kuuma siku hiyo hiyo, likauma kwa uaminifu miaka mitatu.

Alisoma kweli. Alijua kasi, mapigo ya moyo na muda wa kupumzika kama padri anavyojua ndoa: kwa maandishi. Kila asubuhi alisimama kando ya uwanja na saa yake ya kupimia mbio. Mwezi Aprili mwaka ule wageni walipofukuzwa mitaani, aliacha kuongea Kiswahili kwenye teksi, kama wengine wote. Lakini hofu ya mtaani ilikuwa na wenzake wengi wa kuigawana. Ya uwanjani ilikuwa yake peke yake. Mtaani aliogopa wasije wakajua kwamba ni mgeni. Uwanjani aliogopa wasije wakajua kwamba si mgeni wa aina waliyoagiza.

"Coach, kwenu mlikuwa mnakimbia kwenda shule, si ndiyo?" wanafunzi walimuuliza.

"Kila siku," alijibu. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Mtu aliyemwogopa kuliko Venter alikuwa Jeptoo. Mwanamke huyu alikuwa mhasibu wa benki, mzaliwa wa Keiyo, wanakotoka wakimbiaji wa kweli, mwembamba, miguu mirefu, na kila Jumapili alisali na Wakenya wenzake katika kanisa lile lile alilosali Kang'ethe. Baada ya ibada palikuwa na chai na mandazi, na penye chai hapakosi maswali. Kang'ethe alihesabu kwamba mtu wa Keiyo angehitaji maswali mawili tu kumgundua. Kwa hiyo akawa anaketi nyuma ya nguzo, na amina ya mwisho ilimkuta mlangoni. Waumini walidhani ana kazi nyingi. Mchungaji alimwombea.

Mwaka 2016 akaja Benita. Mama yake, Léocadie, alikuwa fundi cherehani mtaa wa La Rochelle, Mkongomani wa Bukavu, aliyemleta mtoto Johannesburg akiwa na miaka sita. Benita alikimbia meta elfu tano kana kwamba kuna mtu kamwachia mlango wazi upande wa pili. Kang'ethe alimpa ratiba aliyoikuta kitabuni, ya mwanamume mmoja wa nchi ya baridi: kilomita mia na thelathini kwa wiki. Alimpa hiyo kwa sababu ndiyo pekee aliyoielewa vizuri.

Benita akaanza kushinda. Chuo kikampa ufadhili wa masomo. Venter akampigapiga Kang'ethe mgongoni. Na hapo ndipo Kang'ethe alipoanza kukosa usingizi, maana mtu akishindwa unaweza kutafuta sababu. Huyu alikuwa anashinda, na yeye hakujua ushindi umetokea wapi wala utaishia wapi.

Léocadie alikuja uwanjani mara moja tu, na futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni. Alimtazama binti yake akizunguka, kisha akamtazama Kang'ethe kutoka viatuni hadi kichwani, kama anakadiria kitambaa.

"Papa kocha, mbio ni ya kwako," akasema. "Mutoto ni wa kwangu. Tunasikilizana?"

"Tumeelewana, mama."

Machi 2018, siku kumi na mbili kabla ya mashindano ya taifa ya vyuo vikuu, Benita alimaliza mazoezi akichechemea.

"Niko bien, coach," akasema kabla hajaulizwa kama yuko sawa.

Alimketisha kwenye benchi, akapitisha kidole juu ya muundi wa mguu wa kushoto, taratibu. Katikati, mahali padogo kama sarafu, msichana akavuta pumzi kwa meno.

"Twende kwa daktari."

"Daktari ataandika karatasi, na karatasi itanitoa kwenye timu. Coach, ufadhili wangu je? Ni misuli tu. Si kwenu wanakimbia hivi hivi?"

Kang'ethe alitoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto. Alikwenda ofisini kwa Venter, akaeleza kwamba Benita ana maumivu, si makali, si madogo.

Venter hakuinua macho kutoka kwenye orodha ya timu. "Akimbie au asikimbie?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye Mkenya."

Usiku ule alimweleza Mwende yote. Mfupa ukiwa umepasuka, wangetaka kujua nani aliyemkimbiza kilomita zile, na aliyaona maswali yakishuka moja moja hadi ukurasa wa pili. Kazi ingekwenda, na kibali kingekwenda na kazi.

"Na usiposema?" Mwende akauliza.

"Labda ni misuli."

"Labda," Mwende akasema, akageukia ukutani. Wote wawili walibaki macho wakisikiliza maji yakidondoka bafuni.

Jumapili hakuketi nyuma ya nguzo. Baada ya ibada alimfuata Jeptoo penye birika, akamkuta anajimiminia chai.

"Ndugu Kang'ethe! Kumbe una uso. Sisi tumezoea kisogo."

"Nina mkimbiaji ana maumivu ya muundi," akasema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Sijui nifanye nini. Sijui chochote. Mimi ni mtu wa nyundo. Sijawahi kukimbia."

Jeptoo akaweka kikombe chini. Kang'ethe alisubiri kicheko, na kicheko hakikuja.

"Maumivu yametanda, au yako mahali pamoja?"

"Pamoja. Kama sarafu."

"Usiku je, yanamwamsha?"

"Sikumuuliza."

"Muulize. Kisha mwambie aruke mara kumi kwa mguu huo mmoja. Akishindwa kuruka, mfupa una ufa." Aliinua sketi yake kidogo, akamwonyesha kovu refu juu ya muundi. "Kidato cha pili. Mwalimu wetu alisema ni misuli. Alikuwa na uhakika kweli kweli. Nilikimbia, ukavunjika pale pale uwanjani, watu wa mbele walisikia mlio. Tangu hapo nakimbilia basi tu, na likiniacha naliacha."

"Kwa hiyo hata wewe..."

"Hata mimi. Kule benki wamenipa fulana ya timu mara tatu. Nalala nazo." Akachukua kikombe chake. "Nenda, Kang'ethe. Leo."

Alikwenda La Rochelle siku ile ile, goti likiwa limesahau kuuma. Kati ya vitambaa vya mama yake, Benita alikiri kwamba usiku humwamsha. Aliruka mara tatu. Ya nne alimwangukia Léocadie mabegani. Léocadie alimtazama papa kocha.

Jumatatu picha ilionyesha ufa. Daktari alisema mbio moja ya ushindani ingetosha kuuvunja mfupa kabisa. Kang'ethe aliipeleka picha kwa Venter, akaiweka mezani, na juu yake akaweka vyeti vyake, vimefunguliwa.

Venter alisoma hadi ukurasa wa pili.

"Nyundo," akasema.

"Nyundo."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza, nami sikusema."

Mzee alifungua dirisha, akasimama hapo kama mtu ambaye ramani yake imepoteza nchi. Hakumfukuza. Kumfukuza kungehitaji barua, na barua ingehitaji kueleza jopo lilisoma nini. Alimhamishia kwenye kurusha, akaandika kwamba ni mpango mpya wa idara. Ufadhili wa Benita uliendelea hadi mwisho wa mwaka, na baada ya hapo ungeangaliwa upya. Benita hakumsalimu Kang'ethe kwa miezi mitano.

Mwaka 2019 mbio ndefu zilikuwa na kocha mpya, mtu wa Bloemfontein asiye na sifa yoyote ila kuijua kazi. Kibali cha Kang'ethe kilikuwa kinasubiri kurekebishwa. Kila mwezi alipanga foleni, na kila mwezi aliambiwa arudi, naye alirudi. Asubuhi alisimama uwanjani na futi ya kupimia, upande nyundo inakoangukia. Kilo saba za chuma zilipaa, zikasita juu, zikaanza kushuka kumfuata.

"Coach, sogea!" wanafunzi walipiga kelele.

Alisogea hatua mbili. Nyundo ikafukua nyasi pale alipokuwa amesimama. Nje ya wavu unaozuia nyundo, Benita alikuwa anazunguka polepole, mzunguko wake wa tatu tangu aruhusiwe. Alipomfikia akapunguza mwendo.

"Coach. Goti?"

Kang'ethe aliinama, akaweka futi kwenye shimo.

"Limepona," akasema.