Vitunguu Visivyo na Mtaa

Siku yangu ya kwanza jikoni, fundi mkuu hakuniruhusu kugusa nyama. Alinipa mwiko mrefu kama kasia, akaniambia, "Tazama, usinitie maneno." Hiyo ilikuwa arusi ya mtaani Shela, hapa Malindi. Nilijifunza kupalia, yaani kutia makaa juu ya kifuniko maji ya pilau yakishakauka. Na nilijifunza kanuni yake kubwa: "Mpishi huanza vitunguu vikishamenywa. Kumenya ni kazi ya mtaa." Usiku wa kuamkia arusi majirani huja na visu vyao bila kuitwa. Wasipokuja, ujue wamekususia.

Nilishakuwa fundi nilipoitwa Maskati. Tajiri mmoja mwenye asili ya pwani yetu alitaka arusini kwa mwanawe liliwe pilau la kwao. Nilifika jioni. Akanionyesha masufuria na magunia ya vitunguu, akasema, "Kesho adhuhuri watu wanakula," akaenda zake. Nikatandika mikeka uani, nikangoja mtaa.

Isha ikapita, kimya. Nikatoka langoni. Taa, wee! Ungeokota sindano barabarani. Joto limeganda, udi wanukia kutoka madirishani, magari yapita yamefunga vioo. Mtu wa miguu hakuna, baraza hakuna, wala muuza kahawa. Nilimsalimu mlinzi wa nyumba ya pili, akaitikia, akafunga mlango. Niliogopa, siwafichi. Nilidhani tajiri wangu kasusiwa, na kesho aibu ya chakula itakuwa yangu.

Niliporudi, mama yake tajiri, bibi mzaliwa wa Unguja, alikuwa amesimama uani.

"Wangoja nani, mwanangu?"

"Nangoja majirani, bibi, waje kumenya."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Majirani gani? Miaka yote hii, huyo wa ukuta huu sijamjua hata jina." Kisha kicheko kikamwisha. Akakaa mkekani. "Lete kisu," akasema, akawaita wakwe na wajukuu wote. Wengine hawakujua hata kukishika. Adhuhuri watu walikula.

Siku hizi nimepumzika, magoti hayataki tena moto. Juzi mjukuu wangu aliolewa. Vitunguu vililetwa kwa ndoo, vimeshamenywa, na mpishi ana mashine yake. Sina ubaya naye, pilau lilikuwa zuri. Lakini usiku wa kuamkia arusi hiyo nilitandika mkeka uani, nikaweka visu.

Binti yangu akanikuta hapo. "Baba, wangoja nani?"

Nikatazama langoni. Siku hizi na sisi tuna taa nzuri. Barabara ilikuwa nyeupe pe, haina mtu.