Nguzo ya Kati

Niliporudi Dar es Salaam kutoka chuoni Kampala nilikuwa na cheti, kazi ya ualimu na mke, na vyote vitatu vilikaa katika chumba kimoja Mtoni. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Choo kilikuwa kimoja. Mke wangu alisema tungeweza kuishi hivyo miaka mingi, kama wenzetu. Mimi niliuliza kwa nini. Siku zile niliuliza kwa nini juu ya kila kitu: kwa nini tumlipe mwenye nyumba kila mwezi pesa isiyotuachia hata fito moja, kwa nini harusi ya jirani tuichangie, kwa nini kanga mpya kila Idi na za zamani hazijachanika.

"Na vitabu vyako?" mke wangu aliniuliza. "Vya zamani vimechanika?"

Nikaacha kununua vitabu. Nyama tukala Ijumaa tu, chai tukanywa bila maziwa. Baada ya mwaka na ushee tukapata kiwanja nje kidogo ya Temeke, ndani ya shamba la minazi.

Mimi ni mtu wa bara. Kwetu, ukinunua ardhi umenunua na kilichosimama juu yake. Mzee aliyetuuzia alinieleza kwamba pwani sivyo: ardhi ilikuwa yake, lakini minazi mitatu iliyokuwa kiwanjani ilikuwa ya dada yake, bibi aliyekaa nyumba ya nne kutoka pale. "Ukitaka kukata wowote, kwanza kazungumze naye," alisema. Niliitikia, huku nikijiuliza mti ulio uani kwangu utakuwaje wa mtu mwingine.

Mmoja ulisimama pale pale nilipokusudia kuweka sebule. Fundi alikuwa amekwisha kuja, na boriti zilikuwa zimepanda bei. Nikaona mnazi ule ungetupatia nguzo ya kati bure, na bibi ningemlipa fidia mwisho wa mwezi. Tukaukata bila kumuuliza. Bei ya mnazi ilijulikana na kila mtu. Kitu chenye bei, niliamini, hakina zaidi ya bei yake.

Bibi alikuja siku tuliyomaliza kuezeka madebe. Mke wangu naye alikuwa amekuja kuitazama nyumba. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaishika kwa viganja viwili, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlipong'oa shina, mliona kigae?"

Vigae niliviona. Fundi alivitupa pamoja na mizizi. Ndipo aliponieleza kwamba mwanawe wa kwanza alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale ndani ya kigae cha chungu, na mnazi ukapandwa juu yake uwe wa mtoto. Mtoto aliishi mpaka akaota meno mawili. Hakuzaa mwingine.

"Kila nikiangua nilisema, mwanangu kanipa nazi," alisema.

Nikatoa pesa. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, akaenda zake.

Mke wangu, mtu wa pwani aliyezaliwa Kimbiji, alikuwa amesimama mlangoni na mimba ya miezi sita. Hakunifokea.

"Mie humo silali," alisema.

Akarudi Mtoni, kwenye chumba tulichokuwa tumekwisha kuaga. Mwenye nyumba alimruhusu akae mpaka mwisho wa mwezi, basi. Kodi nyingine hatukuwa nayo. Kila tulichokuwa nacho kilikuwa kimesimama Temeke.

Nilikaa humo peke yangu. Nguzo ilikuwa bado mbichi. Ilitoa maji, tone moja moja, yakalowesha udongo niliokuwa nimeushindilia. Mchana, jua likipiga madebe, ilitoa mlio mfupi, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Sababu niliijua: mti unapokauka nyuzi zake hujikaza. Ningeweza kuichora ubaoni. Hata hivyo, kila ilipolia niligeuka, na nikishageuka nilingoja.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha nilikwenda kwa bibi. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, wala hakuacha kukuna. Nikamwambia nitaitoa ile nguzo nianze upya, ingawa sikujua kwa pesa gani.

"Ukiitoa utaipeleka wapi?"

Akageuza kifuu kwenye mbuzi.

"Utaipikia ubwabwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi usinisumbue, mwalimu. Mwanangu hakuwahi kulala chini ya bati. Mwache alale. Lakini kamwambie mkeo, yule ni mtoto. Nyumbani haachwi peke yake."

Maneno hayo niliyapeleka Mtoni kama nilivyopewa, nikijua yatamtisha zaidi. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kasema hivyo? Peke yake?"

Kisha akaanza kukunja kanga na kufunga vyungu.

Sasa binti yetu anatambaa. Mwezi uliopita nilipewa nyumba ya walimu, karibu na shule, kodi yake ndogo, bomba liko uani. Nilichukua karatasi nikaandika sababu za kuhama upande mmoja na za kubaki upande wa pili. Upande wa pili ulibaki mweupe. Nikamsomea mke wangu. Alikuwa ananyonyesha, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, ambayo siku hizi ni kavu na imelainika kwa mikono.

"Na huyu tumwachie nani?" aliniuliza.

Nilitaka kumuuliza huyu nani. Nguzo haijalia siku nyingi. Nikaigeukia, nikajikuta nangoja.

Kesho yake nikarudisha barua ya nyumba. Mwalimu mkuu akataka kujua sababu. Nikamwambia ile nyumba ni ndogo, na sisi nyumbani tuko wanne.