Herufi za Mlangoni kwa Baba

Harufu ya chokaa mbichi naikimbia mpaka leo. Wajukuu wangu hunicheka wakiniona navuka barabara kukwepa ukuta unaopakwa. Wacheke tu. Ninyi nitawaambia.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa duka la ushirika mjini Mwanza. Jengo lilikuwa kuukuu, la enzi za wafanyabiashara wa Kihindi, lina baraza pana na madirisha ya matao. Sisi tuliishi stoo ya nyuma. Juu ya mlango wa duka, kwa rangi nyekundu iliyopauka ikawa kama maji yaliyooshewa samaki, paliandikwa: MALI YA WANANCHI. Shule sikukaa sana, lakini herufi zile nilizijua kabla ya jina langu. Baba, Kijita cha kwao kikimkaa ulimini, alisema, “Mari ya wananchi. Na mwananchi ndiyo mimi.”

Kisha ikaja ruksa, kila mwenye mtaji akaachiwa afanye biashara. Maduka mapya yakafunguka mtaa mzima, letu likafungwa. Mshahara wa baba ukakatika. Yeye akaendelea kulinda rafu tupu, rungu mkononi, kama kuna cha kuibwa.

Asubuhi moja wakaja wanaume watatu na pikapu. Hawakusalimia. Walitazama paa kwanza, watu baadaye. Mama alikuwa anakoroga uji. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Mtu akitazama paa kabla hajakusalimu,” alisema, “amefuata nyumba, hakukufuata wewe.”

Hapo hapo akaanza kufunga vyombo. Baba akamwambia, “Mama Nyamisi, acha uchuro.”

Kesho yake akaja fundi rangi aliyetumwa na wenye jengo wapya, mzee mwembamba na ngazi yake. Nikamwamkia shikamoo; akaitika marahaba bila kunitazama. Akaanza kushoto. MALI ikaondoka. YA ikaondoka. WANA ikamezwa, ikabaki NCHI peke yake, na makorongo wamejipanga kimya juu ya paa kama watu wa msibani. Baba akaweka stuli mlangoni, chini kabisa ya ngazi, akaketi.

“Endelea. Na mimi unipake.”

“Mzee mwenzangu, sogea. Chokaa haichagui kichwa.”

“Futa, lakini ujue unafuta mari ya watu. Aliyeandika hapo hakuwa mjinga.”

Fundi akacheka kidogo. “Aliyeandika hapo ni mimi.”

Baba akainua uso. Chokaa ilimdondokea begani, hakuipangusa.

“Uliamini?”

“Niliambiwa andika, nikaandika. Leo nimeambiwa futa.” Akachovya brashi. “Kwani wewe uliamini?”

Baba akainuka, akabeba stuli yake, akaingia ndani kumsaidia mama kufunga magodoro. Jua halijazama tulikuwa Nyakato, chumba kimoja cha kupanga, watu saba.

Miaka mingi nilimwona mwoga. Nilijiambia, baba wa mwingine angepigana. Mpaka nilipojenga kwangu mwenyewe, kwa jasho la dagaa, ndipo nikaelewa: wale wa pikapu angepigana nao, na rungu alikuwa nalo. Kilichomwinua ni yule mzee wa ngazini. Baba alilinda maneno yale kama kiapo, kumbe kwa mwenyewe aliyeyaandika yalikuwa kibarua cha siku moja.

Tangu hapo, ukimsomea baba tangazo lolote, la kanisani au la serikali ya mtaa, hakuuliza linasemaje. Aliuliza, “Nani kariandika? Mwiteni kwanza nimwone.”