Nilivyomsahihisha Mwalimu

Basi letu kutoka Kitale lilikwama kabla ya Lokichar, kwa sababu laga, ule mto ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, ulikuwa umejaa maji ya mvua iliyonyesha mbali. Tulishuka tukakaa chini ya migunga tukingoja yapungue. Mama mmoja akaniuliza ninakwenda kutafuta nini Turkana.

"Kazi," nikamwambia. "Naandika mabango ya maduka."

Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Nilipokuwa Malindi niliitamani Kitale, na niliporudi Kitale nikaanza kuota Malindi. Nilidhani huenda huko mbele kuna mahali ambapo mwili na mawazo vitakaa pamoja.

Nilipanga chumba Kanamkemer, mtaa wa Lodwar. Asubuhi jirani alinisalimu "Ejok" nami nikajibu "Ejok noi", na kwa miezi hilo ndilo lililokuwa mazungumzo yangu marefu. Kisha nikaitwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuandika bango la darasa la watu wazima. Mwalimu wao alikuwa Mkongomani, mjane wa umri wangu, na mezani pake palikuwa na kitabu cha fotokopi kilichofungwa kwa uzi.

Kilikuwa cha falsafa, cha zamani, wanachokijua wote wanaosomea mambo ya akili. Mimi wa kidato cha nne sikuwahi kukisikia. Kiliuliza hivi: maumivu yangu nayajua kwa kuwa ni yangu, lakini ya mwenzangu nitayajuaje, ikiwa ninachopata kwake ni sauti na uso tu? Alitaka kukitia katika Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wake, nami nikajitolea kusaidia. Kila Jumamosi nikawa napanda gari kwenda Kakuma.

Wiki ya kwanza tuligombana kwa neno moja.

"Andika akili," nikasema.

"Akili ni ya kufanya hesabu, fundi. Hii inayolia ndani ni roho."

"Roho kwetu ni ya kanisani."

"Kumbe! Basi ninyi Wakenya hamuna kitu ndani mpaka Jumapili?"

Nilicheka hadi kalamu ikaanguka. Tangu siku hiyo nilikuwa na swali langu ambalo halikuwa kitabuni: je, ndani yake nimo? Sikuthubutu kuuliza. Alikuwa anasubiri safari ya kuhamishiwa ng'ambo, na mimi ni mtu wa kupita. Isitoshe, kitabu kilinipa kisingizio, maana kilisema ya mwenzako huwezi kuyajua.

Mvua ikakata barabara, Jumamosi mbili nisiende. Niliporudi alikuwa mlangoni.

"Fundi, umepotea! Nilikuwaza sana."

Mimi na Kiswahili changu cha shule nikamwambia, "Mwalimu, hapo umemeza silabi. Sema nilikuwa nawaza."

Alinitazama kidogo. "Asante, fundi," akasema, akafungua kitabu. Hakulirudia tena.

Safari yake ilipofika tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho. Aliniachia fotokopi. Baada ya majuma machache ujumbe ukaingia kwenye simu: "Huku baridi, fundi. Nakuwaza."

Nikadhani bado anawaza yale ya kitabuni, nikajibu: "Vizuri sana, mwalimu. Usiache kuwaza." Hakuandika tena.

Nilikuja kuelewa nikiwa juu ya ngazi, naandika bango la fundi cherehani wa Kakuma, Mkongomani mwenzake mwalimu. Akaniuliza kutoka chini, "Yule mwalimu, ungali unamuwaza?"

"Namuwaza kuhusu nini?"

"Ee, fundi! Si kuhusu kitu. Kumuwaza! Roho inamutafuta. Kiswahili yenu ya vitabu haina hiyo?"

Nilishika ngazi. Nilikuwaza. Ile "ku" nilikuwa nimeiona kama kosa lake, kumbe ilikuwa ni mimi. Swali langu alikuwa amelijibu mlangoni, nami nikamsahihisha.

Baada ya hapo sikuweza tena kwenda Kakuma, na Lodwar bila Jumamosi ilinishinda. Siku niliyoondoka moja kwa moja nilifunga brashi zangu pamoja na kitabu. Basi lilipokuwa linatoka mjini, nikaandika: "Mwalimu, nami nakuwaza." Nikautuma. Ikatokea tiki moja: umetoka, haujamfikia. Niliitazama kupita Lokichar, ambako laga lilikuwa kavu kabisa, hadi Kainuk. Mtandao ulipokatika, tiki ilikuwa bado moja.