Nilivyomtetea Wafula kwa Mdomo wa Kura

Wasomaji wangu, shule niliiacha darasa la tatu, lakini mdomo Mungu alinipa. Ndiyo maana hapa Mansoura, mtaa wetu huku ughaibuni, kila mwenye kesi hunifuata nimsemee. Mwezi uliopita nilikuwa pia naomba kura za uenyekiti wa chama chetu cha Wakenya.

Ijumaa moja, siku ya kanisa huku, nilitoka Mesaimeer yaliko makanisa, kuwahutubia watu baada ya ibada. Walinipigia makofi, na mimi nikipigiwa makofi siambiliki, hata marehemu mama alishindwa. Nikaja moja kwa moja kwenye kesi ya Wafula, mlinzi tunayeishi naye jengo moja. Alishtakiwa kwamba anapikia chumbani, jambo lililokatazwa. Likithibitika, anahamishiwa kambi ya mbali huko jangwani. Mwamuzi alikuwa Kato, Mganda, msimamizi wetu, na jengo zima lilikuja kusikiliza.

"Bwana Kato," nikasema, "huyu Wafula hajui hata kuchemsha maji."

Kato akaitikia kwa kichwa. Ningeketi hapo tungeshinda. Lakini mwenye kuomba kura akiona umati huketi? Nikapandisha sauti kama kule Mesaimeer. "Wafula ni mtu wa watu. Waliokula ugali wake, mikono juu."

Mikono ikainuka jengo zima.

Kato akaitazama, kisha akanigeukia. "Hata wewe, mzee?"

Wafula akaninong'oneza, "Mzee, shusha basi huo mkono. Na kura yangu usiitafute."