Mluzi wa Kuita Upepo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule mtaani Kawangware 46, Mwalimu Mkuu alinipa funguo na agizo moja: "Upepo ikianza, madam, funga madirisha kwanza. Vumbi ndiyo itakumaliza." Chekechea yetu ilikuwa ya mabati na madirisha ya mbao, ukiyafunga, watoto wanakaa gizani. Nilitii muda wote niliokuwa huko.

Baadaye nikahamishiwa Silanga, karibu na bwawa. Huko upepo huja na harufu ya maji, ya mkaa, ya sukuma wiki iliyotoka kumwagiliwa. Ndiko nilikompokea Achieng, binti wa muuza mkaa. Upepo uliezua paa lao yeye akiwa kitandani. Tangu hapo bati likilia tu, anaingia chini ya benchi, na darasa zima linalia naye. Mwalimu Mkuu wa huko, mama mpole lakini aliyeelemewa, aliniambia, "Asipotulia kabla tufunge shule, arudi kwa mamake." Kwa mamake ni kwenye vumbi la mkaa, na kifua cha mtoto kilikuwa kibovu tayari. Niliumia.

Siku moja nilikuwa uani nikipepeta maharagwe ya chakula cha mchana. Kwetu magharibi, mpepetaji akikosa upepo huupigia mluzi. Nikapiga. Achieng akanishika rinda.

"Ticha, usiite. Itabeba nyumba."

"Naiita ikuje ifanye kazi. Lete mikono."

Upepo ukaja. Nikamimina maharagwe polepole viganjani mwake. Makapi yakaruka, yakamgusa shavu. Akafumba macho.

"Imeacha hizi," akasema.

"Ni nzito."

"Na mimi?"

Nikamwinua, nikajifanya mgongo umenishinda. "Wewe? Hata mimi siwezi."

Bati lilipolia tena, hakwenda chini ya benchi. Alimpakata mtoto mdogo kuliko wote, akamwambia, "Kaa hapa, tukuwe wazito." Akabaki shuleni.

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu hapa Silanga. Walimu vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia wawatoe watoto nje wanuse upepo. Ila sitawaficha: siku hizi paa likitikisika, moyo hunidunda. Achieng anauza mboga karibu na mlango wangu. Juzi upepo ulipovuma kwa kishindo, aliacha biashara yake, akaingia, akaketi kando yangu kitandani.

"Sogea, ticha," akasema. "Tukuwe wazito."