Ngazi Niliyoiuza kwa Kalamu

Mkataba wangu wa kwanza niliuandika Amu, kabla ya vita vya Wajerumani, na ulimfungia mwenye nyumba nje ya nyumba yake.

Nilikuwa nikijifunza kazi kwa wakili mmoja mzee, nimerudi kutoka shule ya Unguja na mwandiko mzuri na kiburi cha kutosha. Mjane mmoja wa mjini aliuza sehemu ya chini ya nyumba yake ya mawe kwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Mbwajumali, yeye abaki juu. Nikaandika mipaka yote minne, kisha nikapamba: chini yote ni ya mnunuzi, juu yote ni ya Bi, hadi Siku ya Kiyama. Ndani ya nyumba yenyewe sikuwa nimetia mguu.

Wiki iliyofuata mnunuzi alijaza chini mabunda ya tumbaku na kutia kufuli mlangoni. Bi alipobisha, alijibiwa kwa upole, "Ngazi iko chini, Bi. Na chini nimenunua."

Mwalimu wangu aliusoma mkataba mara mbili. "Hauna kosa," akasema. "Umeuza ngazi bila mwenyewe kujua. Nenda ukamweleze wewe. Mimi mzee, siwezi kukimbia."

Nilimkuta Bi kwake juu, ametulia. Alikuwa amepita kwa dada yake, nyumba ya pili, akavuka wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya ndia ya mtaa kuunganisha nyumba mbili; nami nilipita huko huko. Lakini dada alikuwa na ulimi, na kila Bi apitapo alimuuliza kama amekuja kuazima kizingiti.

"Nisomee tena, mwanangu," akasema. "Juu yote ni yangu?"

"Yote, Bi."

"Na paa?"

"Paa liko juu, Bi."

"Na mvua inayonyesha juu yake?"

Nikautafuta mstari wa mvua, sikuuona. Chini kulikuwa na birika la maji, tangi la kujengwa kwa mawe, na birika lilijazwa na mvua ya paa, ipitayo kwenye mlizamu, mfereji wa kuteremshia maji. Masika yalikuwa yameanza. Siku hiyo hiyo Bi alimwita fundi, mlizamu ukageuzwa ukamwagia birika la dada.

Mnunuzi alistahimili kwa maji ya kisima, yenye chumvi, mpaka chai yake ikawa mchuzi. Siku ya tisa akaja barazani kwetu, kofia mkononi.

"Bwana wakili, mvua ya Mungu inauzwa?"

"Haiuzwi," akasema mzee. "Hubadilishwa kwa ngazi."

Safari hii niliingia nyumba nzima kabla ya kushika kalamu, hata chooni. Niliandika nani apite wapi, maji yaende wapi, na kwamba bunda lolote lisiwekwe ngazini. Wote wakakubali. Lakini Bi hakutaka kutia kidole chake kwenye wino.

"Soma kwa sauti," akasema, "nami nipande. Nataka kuona kama maneno yako yafika."

Nikasoma chini, mnunuzi kando yangu, Bi akipanda taratibu, neno kwa kidato. Nikafika "Bi ana haki ya kupanda ngazi"; kifungu kikaishia hapo. Juu yetu, Bi alisimama.

"Mbona umeniacha katikati?"

Nikachovya kalamu, nikaongeza nikisoma kwa sauti: mpaka mlango wake, na kushuka.

"Kushuka vilevile," akasema Bi, akashuka kutia kidole, kisha akapanda akaingia kwake.

Nimeandika mikataba bandari nyingi tangu hapo. Kwanza napanda ngazi.